Aliyekataza Nisiinuliwe

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali na kuna mtu amekushikia simu juu ya uso, pole sana. Hiyo dari naijua. Yangu ilikuwa na doa la maji pembeni, na nililitukana kwa Kibukusu na kwa Kiswahili mpaka nikaishiwa na matusi. Sitakudanganya kwamba kesho utaamka ukimbie. Nitakuambia tu vile ilikuwa kwangu, na nitakuambia habari za mtu mmoja ambaye nilitamani kumwona wakati wote huo, siku nyingine zaidi ya nilivyoitamani miguu yangu. Anaitwa Wanjiku, lakini kwetu alikuwa Shiku.

Mimi ni Nekesa. Naishi Kiganjo, Thika, na mama yangu, aliyetoka Bungoma akiwa msichana kuja kuchuma kahawa huku na hakurudi tena. Wakati huo nilikuwa nashona kwenye kiwanda cha nguo wiki nzima, na Jumapili naendesha pikipiki za mashindano, zile za kuruka vilima vya udongo. Mama aliuita mchezo huo wazimu. Alikuwa ananiombea kanisani kwa jina, kwa sauti, mbele ya watu wote, hadi nikawa naona aibu kukutana na mchungaji dukani.

Shiku alikuwa wa Kimbo, kule Ruiru, fundi wa pikipiki, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika. Tulianza kwa kutopendana. Kila mbio yeye alikuwa mbele yangu, na mimi sipendi kuangalia mgongo wa mtu. Halafu Jumapili moja mnyororo wangu ukakatika na akanipa wake wa akiba bila kuombwa, na tangu siku hiyo tukawa tunakula kutoka mkebe mmoja. "Wewe Mluhya, punguza ugali," alikuwa ananiambia, "hiyo pikipiki inalia." Namjibu, "Na wewe ongeza, siku moja upepo utakubeba." Huo ndio ulikuwa urafiki wetu, na sikujua ni mkubwa kiasi gani mpaka niliponyimwa.

Nilianguka wakati wa kiangazi, baada ya Krismasi, vumbi likiwa limekauka hata ukitembea linakufuata. Uwanja wetu uko kwenye machimbo ya zamani ya mawe upande wa Ruiru. Niliruka kilima nilichokuwa nimeruka mara nyingi, gurudumu la mbele likatangulia kushuka, nami nikapita juu ya usukani. Nilitua kwa kichwa. Nilisikia mlio mdogo shingoni, kisha kimya, na sikusikia uchungu wowote. Nikasema basi, ngoja niinuke kabla watu hawajacheka. Hakuna kitu kilichoinuka.

Sasa, helmeti zetu si zile za bodaboda za kuning'inizwa kwenye kiwiko. Hizi hufunika kichwa chote, mashavu na kidevu, na zinabana. Na wewe unajua vile sisi huwa mtu akianguka. Kila mtu ni daktari. Kabla vumbi halijatulia nilikuwa nimezungukwa na viatu.

"Mtoeni hiyo kitu apate hewa!"

"Leta maji! Mmwagie maji!"

"Mwinue akae, mwinue akae!"

Wote walikuwa watu wazuri. Nataka uelewe hilo, kwa sababu sina hasira nao. Mwanaume mmoja alikuwa ameshashika mkanda wa kidevu na mwingine ananishika kwapani. Ndipo nikasikia pikipiki ikitupwa chini na injini ikiwa bado inalia, na sauti ya Shiku.

"Wee! Toa mkono! Mtu asimguse. Nimesema mtu asimguse!"

Alipiga magoti nyuma ya kichwa changu, akaishika helmeti kwa mikono yake miwili na kuibana na magoti. Uso wake ulikuwa juu yangu, kichwa chini, umejaa vumbi. Aliniondolea miwani ya vumbi kidogo kidogo, bila kuitingisha shingo.

"Madam, huyu anakosa pumzi," yule mwanaume akasema.

"Nekesa, unapumua?"

"Napumua."

"Umemsikia? Anaongea, anapumua. Sasa toa mkono."

Hayo tulikuwa tumefundishwa sote, Jumamosi moja kwenye klabu. Mimi ndiye nilikuwa naigiza mgonjwa kwa sababu walinitania eti sitawachosha mikono, na tulicheka sana siku hiyo. Lakini kufundishwa ni kitu kimoja na kukumbuka mtu akiwa chini ni kingine. Wengine wote walikuwa wamesahau. Shiku pekee ndiye alikumbuka.

Kaka yangu Barasa alikuwa amekuja kunitazama, na alikuwa na pikapu ya bosi wake. Aliileta mpaka karibu kabisa na mahali nilipolala, akafungua nyuma.

"Tumweke hapa. Hospitali si mbali."

"Hapana," Shiku akasema.

"Ni dada yangu!"

"Najua ni dada yako. Hii barabara yote ni mawe, Barasa. Shingo yake itacheza. Tumeita ambulensi, tunangoja."

"Na isipokuja?"

"Itakuja."

"Na isipokuja, Shiku?"

Barasa, mwanaume mzima, akaanza kulia akizunguka ile pikapu. Watu wakaanza kumsema Shiku. Huyu msichana ana roho ngumu. Huyu anataka mwenzake afe. Kuna gari hapa, kuna watu wa kubeba, na yeye amekaa hapo kama anaota jua. Mmoja akamwambia atajibu mbele ya Mungu. Shiku akamwambia, "Sawa, nitajibu. Kwa sasa shika hiyo leso umkingie jua usoni." Na yule mtu akashika.

Jua lilikuwa la saa sita. Mikono yake ilichoka, najua ilichoka, lakini hakubadilishana na mtu. Akaanza kunipigia hadithi. Eti mteja alimletea pikipiki iliyokataa kuwaka, akafungua kiti akakuta kuku ametaga pale chini, na mteja akamlaumu yeye kwa mayai. Nilitaka kucheka. "Usitingise kichwa," akaniambia. "Cheka na macho."

"Shiku, sisikii miguu."

Aliinua macho kuitazama.

"Mimi naiona," akasema. "Iko hapo yote miwili. Wewe niachie kichwa kwanza, miguu tutaiulizia baadaye."

Ambulensi ilikuja. Walinigeuza kwa pamoja, mmoja akihesabu, wakanifunga kwenye ubao mgumu nikiwa bado na helmeti yangu. Shiku alitembea akiwa ameinama, akiwa bado ameshika kichwa, hadi mlangoni ambapo yule wa ambulensi alimwambia, "Nimemshika, sasa achilia." Ilibidi amwambie tena. Mlango ukafungwa, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliuona uso wake kwa macho yangu.

Hospitalini waliivua ile helmeti watu wawili, mmoja mkono wake ukiwa chini ya shingo yangu, mwingine akitoa sponji za mashavu kwanza na kupanua pembeni, polepole, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali. Mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika na kusogea, na ile kamba ya neva ya ndani ilikuwa imebanwa. Haikuwa imekatika. Zaidi ya hapo sitaingia, daktari wako atakueleza ya kwako. Wangu aliangalia picha, akaniangalia, akasema, "Ulishikwa vizuri." Basi. Akaenda kutafuta chumba cha upasuaji.

Niliamka nikiwa na chuma shingoni, kola ngumu hadi masikioni, na mwili ambao haukuwa wangu. Kuanzia kifuani kwenda chini ilikuwa ni kama blanketi la mtu mwingine. Vidole vya mikono vilikuwa vimejikunja na havikufunguka nikiviomba. Kulikuwa na mpira wa mkojo, na manesi wa kunigeuza ubavu hadi ubavu ili ngozi isioze. Lakini kitu ambacho hakuna mtu hukuambia ni pua. Pua inawasha, mikono haiendi, na huwezi kumwita nesi aliye na wagonjwa wodi nzima kwa ajili ya pua. Nililia kwa sababu ya pua kabla sijalia kwa sababu ya miguu. Kulikuwa na nesi mmoja, Mungu ambariki, ambaye kila akipita aliuliza, "Pua iko aje?" na kunikuna bila kusimama sana. Ukipata mtu kama huyo, shukuru.

Shiku alikuja kuniona nikiwa bado kwenye ile wodi ya kwanza. Sikumwona. Mama alikutana naye mlangoni, na mimi singeweza kugeuza kichwa. Nilisikia tu.

"Umekuja kuangalia kama amekufa?"

"Mama, shikamoo. Nilikuwa nataka tu..."

"Kulikuwa na gari! Kaka yake alikuwa na gari hapo! Ukamwanika mtoto wangu kwa jua kama mahindi!"

"Mama, tulikuwa tunangoja—"

"Usiniite mama."

Nikaita, "Shiku!" Koo lilikuwa limevimba kutokana na mpira wa upasuaji, na sauti ikatoka ndogo, hata mgonjwa wa kitanda cha pili hakugeuka. Nikasikia viatu vikienda. Nikaita tena. Halafu mama akaingia akipangusa macho, akanipangusa na mimi, na akaniambia nisijichoshe.

Nilimweleza mama alichosema daktari. Nilimwambia, "Mama, alisema nilishikwa vizuri." Akaniangalia nikiwa nimelala pale na mikono yangu imejikunja.

"Kama ulishikwa vizuri, mbona huinuki?"

Sasa naelewa kwamba mama alihitaji mtu wa kukasirikia. Huwezi kukasirikia kilima cha udongo. Mimi niliyefanya wazimu nilikuwa nimelala, na Mungu ni Mungu. Akabaki Shiku. Barasa naye alikuwa amempa mama hadithi yote vile aliiona, pikapu, jua, na yule msichana aliyekataa, na hakuwa amedanganya popote.

Simu yangu ilikuwa mfukoni nilipoanguka, haikupona. Nikamwomba Barasa anipigie. "Ngoja kwanza mama apoe," akasema. Mama hakupoa. Mvua ndefu ilipoanza kugonga mabati ya wodi ndipo Barasa aliponionea huruma, akapiga na kuniwekea simu sikioni. Mteja hapatikani kwa sasa. Alijaribu tena kila alipokuja, mteja hapatikani, hadi nikamwambia aache, ile sauti ya mwanamke wa simu ilikuwa inaniumiza kuliko sindano.

Nilimkosa vibaya sana, na naliandika hivi hivi kwa sababu kuna watu watakuambia mgonjwa hutamani kupona tu. Nilitamani harufu ya petroli. Nilitamani Jumapili. Nilitamani mtu mmoja ambaye angeniambia nipunguze ugali, badala ya hawa wote waliokuja na Biblia na sauti za chini. Lakini zaidi ya yote nilitamani ile sauti iliyosema miguu iko hapo, kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa anaiangalia halafu anaangalia dirisha.

Kidole cha kwanza kusogea ni mama alikiona, si mimi. Alikuwa ananipaka mafuta miguuni, akasimama ghafla.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Fanya tena."

Nikafikiria kidole gumba cha mguu wa kushoto kwa nguvu zangu zote, bila kusikia chochote. Mama akamwita Mungu wake kwa Kibukusu, "Wele wange!" na akaketi sakafuni na chupa ya mafuta. Tulicheka tukilia, mimi na yeye, na kwa dakika chache hatukuwa na ugomvi wowote.

Lakini ugomvi ulirudi nasi nyumbani. Nilitoka hospitali baridi ya Julai ikiwa imeingia, ile ya ukungu mpaka saa nne, na chuma cha shingoni kiliisikia kabla yangu. Mama alinifanyia kila kitu. Alinipeleka choo, aliniosha, alinilisha, na mgongo wake unaujua umri wake. Na mimi, wakati huo huo akiniosha, nilikuwa namkasirikia. Hiyo ni hali mbaya, ndugu yangu. Unakula kutoka kwa mkono ambao umemfukuza mtu wako.

"Siku nitatembea," nilimwambia, "nitaenda Kimbo na miguu yangu, nisimame kwa mlango wa Shiku anione."

"Siku utatembea utaenda kanisani kwanza."

"Nitaenda Kimbo."

"Basi kula ugali yako, utaenda kwa nguvu gani?"

Nikala. Kila zoezi la fizio nililofanya baada ya hapo, nilikuwa naenda Kimbo. Yule wa fizio alidhani nina bidii. Kusimama nikiwa nimefungwa mkanda kwenye meza ya kuinuka, Kimbo. Kushika kijiko, Kimbo. Kusimama kati ya vyuma viwili huku magoti yakitetemeka na jasho likinitoka kwa baridi ile, nikaanguka, nikainuliwa, nikaanza tena, Kimbo.

Kwenye fizio kuna benchi ya kungojea, na hapo ndipo mambo yaligeuka, bila mimi kufanya kitu. Mama yangu hubeba chai na nduma kila mahali, na hawezi kula peke yake. Mwezi wa mvua fupi alikuwa anakula na mwanamke wa Ngoingwa, Mama Kevo, ambaye kijana wake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kevo alikuwa mtu wa bodaboda, kijana wa mizaha, na miguu yake ilikuwa imekonda hadi suruali ilikaa kama imeanikwa.

"Yeye aligongwa na lori kidogo tu," Mama Kevo alikuwa anasimulia. "Lakini siwezi kulaumu watu. Walimsaidia haraka, ai! Haraka sana. Walimtoa helmeti, wakamshika huku na huku, wakamweka kwa bodaboda katikati ya watu wawili, wakafika hospitali mara moja."

Mama alikuwa anamimina chai.

"Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea! Hata alipiga mtu teke akitolewa kiatu."

Mama akaacha kumimina.

"Teke. Na hii miguu?"

"Na hii. Ni huko njiani alianza kusema haisikii. Ngai, shetani ni mbaya."

"Mathe, wacha hiyo story," Kevo akasema taratibu.

"Si ninaambia tu mama ya Nekesa." Mama Kevo akachukua kipande cha nduma. "Na wako, walimleta na nini?"

Mama aligeuka. Akaniangalia. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta na kitembezi changu, kwa sababu kukaa kulikuwa kunanichosha. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akarudi juu.

"Aliletwa na ambulensi," akasema. "Walingoja."

Usinielewe vibaya. Sisemi kila anayengojewa husimama. Nimekutana na waliongojewa vizuri kabisa na bado wako kitini, na daktari wangu mwenyewe husema hakuna awezaye kuapa ingekuwaje. Na kama mtu hapumui hilo ni jambo lingine, lina wenyewe waliofunzwa. Lakini kama anapumua na anaongea, na ameanguka na helmeti kichwani, nakuomba kama ninavyoomba chakula: usiivue, usimkalishe, usimweke kwa bodaboda. Mshike kichwa vile kilivyo, zungumza naye, ita watu wa ambulensi na ukubali kutukanwa. Fundisheni hivyo kwenye klabu, na kwenye steji za bodaboda pia, halafu fundisheni tena.

Siku ile tulipofika nyumbani mama alikaa kuchambua kunde, akazichambua mpaka zikaisha, akaanza kuzichambua upya zilizokwisha kuchambuliwa.

"Yule msichana wa Kimbo," akasema bila kuinua macho. "Huwa anakula kuku?"

Kwetu mtu hawezi kwenda kuomba msamaha mikono mitupu, na hawezi kupeleka kuku aliyekufa. Mama alikuwa na tetea mmoja mweusi aliyempenda, aliyekuwa anataga. Nikamwambia tununue jogoo sokoni. "Jogoo wa sokoni sikumlea mimi," akanijibu. Tukangoja hadi nikaweza kutembea na mkongojo bila kushikwa, kwa sababu hilo nililikataa katakata, singefika kwa Shiku nikiwa nimeshikiliwa. Kiangazi kilikuwa kimerudi. Barasa alituendesha na ile ile pikapu ya bosi wake, polepole, akikwepa kila shimo, na mama mbele na kuku wake mapajani akiwa amefungwa miguu.

Ploti ilikuwa ya nyumba za mstari mmoja, mlango wa Shiku wa mwisho. Nilitembea kutoka getini. Nilikuwa nimeyapanga maneno mwaka mzima. Nikagonga, na wakati nagonga ndipo nikaona pazia ni la mtu mwingine.

Jirani alikuwa anaanika nguo. "Shiku? Alienda Saudi kitambo, mvua ile ndefu ikianza. Kazi ya nyumba."

"Saudi?" nikasema. "Na ufundi?"

"Aliuza vyombo vyote. Hata ile pikipiki yake. Alisema hataki kuiona." Jirani akashika kibanio cha nguo mkononi, akashusha sauti. "Kuna msichana rafiki yake alivunjika shingo. Shiku ndiye alikataza apelekwe hospitali. Ilimsumbua sana, alikuwa halali. Hata sijui kama huyo msichana alipona ama alikufa."

Nikashika ukuta. Yaani wakati wote nilipokuwa naenda Kimbo kwenye vyuma vya fizio, yeye alikuwa kwenye nyumba ya watu, mbali, akijiambia kwamba aliniua. Na ni mlangoni mwa wodi yangu alikopewa hayo maneno.

Mama alikuwa amesikia. Alisimama na kuku wake kwapani, na nilidhani atalia, lakini alimgeukia yule jirani.

"Una namba yake ya huko?"

"Niko nayo. Huwa anashika mchana."

"Pigia yeye."

Jirani akapiga, akampa mama simu. Mama hajui mambo ya spika, akaishika mbele ya mdomo kama anayetaka kuila, na Barasa akambonyezea.

"Halo? Mama Njeri?" Sauti ya Shiku. Ilikuwa nyembamba, lakini ni yeye.

"Si Mama Njeri. Ni mama ya Nekesa. Wa Kiganjo."

Nilisikia sufuria ikiwekwa mahali kule kwao.

"Mimi ndiye nilikufukuza," mama akasema. "Nimekuja kwako na kuku nikakukosa. Mwanangu, nilikukosea. Ulinishikia mtoto na mimi nikakufukuza. Nisamehe."

Kisha Shiku akauliza, polepole sana, vile mtu huuliza akiogopa jibu:

"Mama... Nekesa yuko?"

Mama akanitazama. Mkongojo wangu, viatu vyangu vyenye vumbi la Kimbo, miguu yote miwili.

"Yuko. Amesimama kwa mlango wako."

Tulisikia kilio kikimtoka kule, kilio cha mtu aliyekishika mwaka mzima. Halafu akavuta kamasi.

"Amesimama tangu saa ngapi?" akauliza. "Mwambie akae, mama. Atachoka."

"Mwambie wewe," mama akasema, akanipa simu.